Kupanda Themeda, ile nyasi nyekundu ya mbugani, kwa kompaundi yenye jua kali na maji shida: mwongozo kamili

Kama unakaa Kitengela, Isinya, Athi River, Joska ama Konza unajua hii stori. Mtu anamaliza nyumba, anaita watu wa landiskepu wanamwekea nyasi ya kapeti ama Pemba, inakaa kijani miezi michache halafu bili ya maji inaanza kuuma, ama anamwagilia na maji ya kisima yenye chumvi inaungua, na ikifika Septemba lawn yote imekuwa vumbi na viraka. Na hapo tu nje ya ukuta, kwa ploti ambayo hakuna mtu ameigusa, kuna nyasi imesimama yenyewe, rangi ya shaba, upepo ukipita inalala na kuinuka yote pamoja, na hakuna mtu amewahi kuimwagia hata jagi moja ya maji.

Hiyo mara nyingi ni Themeda triandra. Ndio imejaa Nairobi National Park, uwanda wa Athi na Kapiti, Maasai Mara, Serengeti, inashuka mpaka Afrika Kusini ambako wanaiita rooigras, na iko mpaka Australia ambako ni kangaroo grass. Vitabu vya Kiingereza vya huku kwetu vinasema red oat grass. Wanasayansi waliielezea mara ya kwanza mwaka 1775 kutoka kwa mimea iliyokusanywa Yemen, kwa hivyo ukiona mtu anakwambia ni nyasi ya Wazungu ya mapambo, mpuuze. Mimi hapa nitaiita Themeda tu, manake hilo ndio jina ukienda nasari ya miche ya kienyeji watakuelewa.

Shika hili mapema, mengine yote yanatoka hapo: watu wanaiua hii nyasi kwa kuidekeza. Maji kila jioni, samadi debe zima kwa shimo, halafu wanaogopa kuikata eti itaharibika. Hii kitu imekua na pundamilia na nyumbu wakiikata kila msimu na moto ukipita juu yake, mizizi imezoea kujitafutia. Ukiipatia maisha ya kapeti inaanguka, inaoza katikati, na magugu yanachukua nafasi.

HAKIKISHA NI YENYEWE

Usichimbe tu nyasi yoyote nyekundu. Shika shina pale chini kabisa linapotoka ardhini: la Themeda limebanwa, ni bapa, halizunguki vizuri kwa vidole. Majani yakiwa machanga ni kijani chenye ubluu kidogo, yakizeeka yanaenda kahawia, nyekundu, mengine yana zambarau. Maua hayasimami wima, yananing'inia kwa mafungu mafungu, kila fungu limefunikwa na jani lake dogo jekundu, na ndani kunatoka mkia mweusi mwembamba wa sentimita 2.5 mpaka 7 hivi ambao una goti katikati. Ukiona huo mkia mweusi na hilo goti na shina bapa, umefika.

Zinazochanganya watu ni mbili. Hyparrhenia, ile ya kuezekea nyumba, inapita kichwa cha mtu na maua yake yanakaa mawili mawili kwa kikonyo. Halafu kwa udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa black cotton, kuna Pennisetum mezianum, hiyo vijiti vyake ni vigumu, vina pingili nyingi, na suke lake ni la manyoya. Themeda yenyewe kawaida ni goti mpaka kiuno, mwaka wa mvua nzuri inaweza fika mita moja na nusu.

MAHALI PA KUPANDA

Jua la siku nzima, kama si hivyo basi angalau masaa sita. Chini ya mti mkubwa usijisumbue, itatoa majani marefu legelege na maua machache na ile rangi nyekundu hutaiona. Rangi inakuja ikipigwa na jua na ukavu, ndio maana kuanzia Juni hivi mpaka Septemba inapendeza zaidi, wakati lawn za majirani zinakufa.

Udongo, bwana, hapa ndio raha. Ule black cotton ambao umekuchosha, unaopasuka kiangazi mpaka simu inaingia kwa ufa na ukinyesha unabeba kilo mbili kwa kila kiatu, Themeda kwake ni nyumbani. Udongo mwekundu pia sawa, hata wenye mawe. Kitu haitaki ni maji yanayotuama wiki nzima juu ya miche michanga, kwa hivyo kama ploti yako inafanya dimbwi, inua tuta la sentimita 15 hivi na upande juu yake. Samadi usiweke. Mbolea ya dukani usiweke. Kama hapo mahali palikuwa zizi ama shimo la takataka za jikoni, tafuta pengine, manake rutuba ikizidi magugu ndio yanafaidi na Themeda inabaki inasukumwa. Australia watafiti wa kurudisha hii nyasi waliwahi kumwaga sukari kwa udongo, ndio, sukari ya chai, ili vijidudu vya udongoni viongezeke vimeze naitrojeni na magugu yakose chakula, na Themeda ikashinda. Kwa bei ya sukari ya huku hakuna mtu atafanya hivyo, lakini unaona jambo lenyewe: udongo maskini ndio rafiki yake.

Kama uko mahali pakavu zaidi, tuseme Magadi ama Garissa, mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka na haina mpango, ningekuambia uanze na Eragrostis superba na Cenchrus ciliaris. Wakamba wanaziita mbeetua na ndata kivumbu. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kiboko wamezifanyia kazi miaka mingi kwa ajili ya malisho na kuna vikundi vya wakulima Ukambani vinauza mbegu yake. Mbeetua haswa ni nzuri kwa macho, vile vijisuke bapa vyake vikining'inia. Njia ya kupanda haitofautiani sana na hii, ila mbegu zake zinaota kwa urahisi zaidi.

KUPATA MICHE

Njia ya haraka ni kugawanya shina la zamani, yaani fungu zima la nyasi na mizizi yake, na shina la zamani unalipata bure kama una macho. Kila wiki kuna ploti Kitengela ama Syokimau inasafishwa na tingatinga, na nyasi yote inaishia kwa lori ya takataka. Ongea na mwenye ploti ama fundi anayesimamia kabla mashine ifike, mwambie unataka kuchimba nyasi, atashangaa kidogo halafu atakwambia chukua yote. Omba ruhusa hata kama ploti inaonekana haina mwenyewe, zote zina mwenyewe. Na ndani ya mbuga ama hifadhi usiguse hata suke moja, hiyo ni kesi na KWS, shirika la wanyamapori.

Sasa kazi yenyewe. Subiri mvua ishuke vizuri mara mbili tatu, udongo uwe umelowa mpaka chini, hapo ndio unachimba na ndio unapanda. Huku upande wa Machakos na Makueni mvua ya vuli, Oktoba mpaka Desemba, ndio ya kuaminika kuliko masika, kwa hivyo mimi ningelenga mwisho wa Oktoba ama mwanzo wa Novemba. Upande mwingine ambako masika ni nzuri basi Machi mwishoni ama Aprili.

Kabla ya kuchimba, kata majani yote ya lile shina yabaki sentimita 10 mpaka 15. Usione huruma, mizizi ikikatwa haiwezi kulisha majani marefu, na mtu akiacha majani marefu ndio unaona mche umekauka wiki ya pili. Chimba na jembe la meno ukizunguka, umbali wa kiganja kutoka kwa shina, ulitoe na donge lake la udongo. Lilaze chini ulipasue na panga kali, pa, vipande viwe na machipukizi kumi mpaka kumi na tano kila kimoja na mizizi yake. Kuna watu wanagawa mpaka chipukizi mbili tatu ili wapate miche mingi, halafu wanapoteza zaidi ya nusu, hesabu inarudi pale pale. Katikati ya shina zee mara nyingi ni kijivu, limekufa, hilo tupa, chukua vya pembeni. Vifunge kwa gunia lililoloweshwa, weka kivulini, na uhakikishe vimeingia ardhini siku hiyo hiyo. Kesho yake tayari umeshapoteza vingine.

MBEGU, KAMA UNA SUBIRA

Hapa ndio watu wengi wanakata tamaa na kusema Themeda haioti. Inaota, ila ina masharti.

La kwanza, vile vitu vyote unaviona kwa suke, vingi havina kitu ndani. Kwa kila fungu dogo kijisuke chenye ule mkia mweusi ndicho kinabeba mbegu, vingine ni vya dume ama havina chochote. Kwa hivyo gunia lako linaweza kuwa limejaa na mbegu halisi ni konzi chache tu. Vunja mikia kadhaa na ubonyeze na kucha, mbegu nzuri ni ngumu, kahawia iliyokolea, haibonyei.

La pili, kuchuma. Ikiiva inadondoka haraka sana, ukichelewa siku chache upepo umebeba zote. Pita ukivuta suke kwa mkono taratibu: zikitoka bila nguvu chuma leo, zikikataa rudi baada ya siku mbili tatu. Vaa shati la mikono mirefu na usivae soksi za sufu kama unapenda soksi zako.

La tatu na ndio kubwa, mbegu mbichi imelala. Ukichuma leo upande kesho utapata mche mmoja hapa, mwingine pale, halafu utalaumu udongo. Inataka kukaa mahali pakavu miezi sita mpaka mwaka mzima ndio iamke. Weka kwa gunia la nguo ama bahasha ya karatasi, si plastiki, tundika mahali panya hawafiki, andika tarehe. Ukichuma Julai, lengo lako ni masika ama vuli ya mwaka unaofuata.

Halafu moshi. Hii nyasi imezoea kuamshwa na moto, na wala si joto peke yake, moshi wenyewe una kitu. Afrika Kusini ndio walionyesha mwaka 1990 kwamba moshi unaamsha mbegu za mimea ya huko, na 2004 Waaustralia wakapata kemikali yenyewe iliyo ndani ya moshi inayofanya hiyo kazi. Nyumbani huhitaji maabara. Panda mbegu kwa trei, ziweke chini ya turubai ama pipa lililofunikwa, halafu kwa mkebe wa kando washa nyasi kavu na majani mabichi kidogo ili itoe moshi mwingi bila ndimi za moto, upeleke moshi ndani kwa kipande cha bomba. Lisaa limoja linatosha. Ukitoa, mwagilia polepole ule moshi uliotua juu ushuke na maji mpaka kwa mbegu. Usitumie plastiki kuwasha, usitumie mbao za rangi.

Kwa trei weka udongo wa kawaida nusu na mchanga wa mto nusu. Kata mikia na makasi, ikiachwa inasokotana mpaka huwezi kutenganisha. Fukia sentimita moja tu. Weka juani, inapenda joto, na udongo usikauke kwa wiki tatu za kwanza. Itaanza kutokea wiki ya kwanza ama ya pili, nyingine zitachelewa, usimwage trei. Miche ikifika kama sentimita 10 na ina machipukizi mawili matatu ihamishie kwa pakiti ndogo, na ikianza kubana pakiti, ndio ipelekwe shambani na mvua.

Kuna njia ya wavivu pia na mimi naiheshimu. Ukikata nyasi iliyo na mbegu mbivu, usichambue, tandaza hayo majani na masuke yote juu ya ardhi uliyoilima juu juu, uache. Ule mkia mweusi unajisokotoa ukipata umande na kujisokota ukikauka, usiku na mchana hivyo hivyo, na unaisukuma mbegu mpaka inaingia kwa ufa yenyewe. Kwa black cotton iliyopasuka inafanya kazi vizuri sana. Ila utangoja mpaka mvua ya mwaka unaofuata kuona kitu cha maana, na magugu yatakuwa yamefika kwanza.

KUPANDA NA MAJI YA MWANZO

Nafasi ni sentimita 50 kwa 50, hiyo inakupa mashina manne kwa kila mita mraba, yaani kipande cha mita nne kwa tano kinataka mashina 80. Ukitaka kila moja lionekane peke yake, kwa mfano pembeni ya njia ama kati ya mawe, weka 70 ama 80. Usipange mistari kama mahindi, changanya changanya, ikikomaa itaonekana kama imejiotea.

Shimo liwe pana kuliko mizizi, weka mche usawa ule ule ulikuwa, pale majani yanapoanzia pawe sawa na ardhi. Ukiufukia shingo unaoza, ukiuacha juu unakauka. Kanyaga kwa mguu pembeni mpaka ukivuta jani mche hautoki. Lita mbili tatu za maji hapo hapo hata kama mvua inanyesha, ili udongo ushikane na mizizi.

Baada ya hapo kama mvua imekatika, mara mbili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu mara moja kwa wiki mwezi wa pili, halafu unaacha. Kiangazi cha kwanza kikiwa kikali sana unaweza kuipa maji kila baada ya wiki mbili ama tatu, ya kulowesha kabisa, si ya kunyunyizia. Kuanzia mwaka wa pili mvua pekee inatosha kwa sehemu nyingi za Kajiado na Machakos zinazopata milimita 500 mpaka 800. Itakauka kiangazi, itakuwa kahawia, hapo haijakufa, usikimbie na mpira wa maji.

MAGUGU

Mwaka wa kwanza ndio vita. Themeda inaanza polepole, na sangari, lile gugu la kutambaa, ikishaingia kati ya mashina utalia. Ng'oa sangari yote na mizizi yake kabla ya kupanda, hata kama inakuchukua msimu mzima kusafisha, ni afadhali. Parthenium nayo, lile gugu la maua madogo meupe limejaa kando ya barabara, ing'oe kabla haijatoa maua na uvae glavu, linawasha watu ngozi. Dawa ya kuua magugu usipulize ovyo, ile inayoua nyasi zote haitachagua, Themeda nayo ni nyasi. Kuanzia mwaka wa tatu mashina yakikutana, magugu yanapungua yenyewe.

KUKATA

Sehemu hii ukiiruka, mengine yote uliyofanya yatakaa miaka michache tu.

Themeda isipokatwa, majani makavu yanajirundika juu ya mashina, jua halifiki chini, machipukizi mapya yanakosa mwanga yanakufa. Mwaka wa kwanza na wa pili huoni shida. Ikienda miaka kadhaa hivyo, shina linafungua katikati, linageuka kijivu, halafu siku moja unaona kipande kizima kimekufa na watu wanasema ni ukame. Si ukame. Mbugani moto na wanyama ndio wanafanya hiyo kazi, kwako ni panga.

Mwaka wa kupanda usikate, iache ijenge mizizi. Kuanzia wa pili, kata mara moja kwa mwaka, mwisho wa Septemba ama mwanzo wa Oktoba kabla vuli haijaanza. Hapo utakuwa umefaidi ile shaba yake baridi yote ya Juni mpaka Agosti, na mvua ikija inachipuka safi. Urefu wa kubakisha ni sentimita 10. Chini ya hapo unakata pale inapochipukia, na ukirudia rudia unaimaliza, ndio maana malishoni ikilishwa mfululizo bila kupumzika huwa ya kwanza kupotea. Slasha inafanya kazi, ile mashine ya begani ya waya pia, lakini kwa mashina machache mundu ni safi zaidi. Yakusanye yote uliyokata, usiyaache juu ya mashina. Jirani mwenye ng'ombe atayachukua, ama yatandaze chini ya miti ya matunda, mchwa watamalizia.

Kuchoma sishauri kwa kompaundi. Najua wazee wanachoma na ndio dawa yenyewe mbugani, lakini huku nyumba zimebanana, kuna mitungi ya gesi, kuna ua wa kayaba umekauka, na upepo wa Septemba hauna adabu.

NYOKA, MBWA NA KAMATI YA ESTATE

Swali la nyoka litakuja tu, hata kabla hujamaliza kuchimba shimo la kwanza. Nyoka anafuata panya na kivuli, na nyasi ndefu iliyojazana ukutani inampa vyote viwili. Kwa hivyo usipande hadi kwa mlango, acha mita mbili mpaka tatu za kokoto ama nyasi fupi kuzunguka nyumba, weka njia pana ya kupita kati ya vipande, na usirundike mawe na mbao karibu. Pia hiyo nafasi ndio inakukinga na moto kiangazi, manake ikiwa kavu inashika haraka, kwa hivyo jiko la nje na mahali pa kuchoma takataka vikae mbali.

Ile mikia inaingia kwa manyoya ya mbwa, masikio na kati ya vidole. Ikianza kudondosha mbegu kagua mbwa jioni, hasa wa manyoya marefu, ama mfungie upande mwingine hizo wiki chache. Kupe pia, kama kuna ng'ombe wanapita. Mbuzi wa jirani hawahitaji maelezo.

Kama uko kwa estate yenye kamati, watakuja kukuambia ufyeke kichaka. Kinachosaidia ni ukingo: mstari wa mawe, ama safu ya shubiri ya kienyeji, Aloe secundiflora inapendeza sana hapo na yenyewe haitaki maji, ama zile sansevieria za mwitu. Mtu akiona ukingo uliopangwa anajua ni bustani. Weka pia kibao kidogo ukitaka.

Mwaka wa nne ama wa tano chimba shina moja moja yale makubwa, gawanya kama mwanzo, rudisha kipande kimoja kwa shimo lile lile na vingine upanue ama umpe yule jirani wa kapeti. Vijana wa nasari za kando ya barabara watakuuliza kama unauza, wengi wao hawana hii kabisa.